Kipimo cha Shavu

Mlio ulitoka ndani ya tanuri asubuhi, kabla chai haijapoa. Pu! Mara moja tu, kama mtu aliyepiga kofi nyuma ya ukuta. Kaka yangu alikuwa amekumbatia kuni. Zilimponyoka zikamwangukia mguuni, na wala hakusema "aa."

"Nini hicho?" aliuliza.

Alijua ni nini. Mtoto aliyekulia kwenye nyumba ya mfinyanzi haulizi swali hilo. Chombo kikiingia motoni na unyevu mwilini, maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na usipopaona unapasua. Kuna kitu kilikuwa kimepasuka humo ndani, na humo ndani ndimo ulimokuwa mtungi wa Mama.

Niueleze huo mtungi, maana bila hivyo mtatuona wendawazimu. Mwaka jana Mama alimaliza kuufinyanga kwenye gurudumu la kufinyangia, akaufunika kitambaa, akasema anakwenda kujinyoosha mgongo kidogo. Kiharusi kikamkuta kitandani. Kilimchukua upande mzima wa kulia: mkono, mguu na nusu ya uso. Mguu ulirudi kwa mbinde. Mkono haukurudi. Mtungi ukabaki kwenye rafu ya karakana, umekauka, haujachomwa, na alama ya kidole gumba chake ipo pale shingoni, mahali anapomalizia kila chombo tangu mimi sijazaliwa.

Sikutaka uchomwe. Rafuni unakaa, motoni ni bahati nasibu. "Hiki ndicho chombo cha mwisho cha Mama," nilikuwa nikiwaambia wateja, na Mama mwenyewe kakaa kigodani hatua chache tu kutoka hapo. "Hakiguswi." Wateja walikuwa wakishusha sauti kama watu waliofika matangani. Nami nilipenda wanavyoshusha sauti, nisiseme uongo.

Halafu bati likaanza kuvuja. Mvua moja tu, na tone likawa linadondoka kiganja kimoja kutoka kwenye mtungi. Udongo mbichi ukikutana na maji unarudi kuwa tope, hauagi mtu. Kaka ni fundi bomba, na kwake yeye kila tatizo la dunia hii ni la kuvuja. Akasema tuuchome kabla hatujauzoa kwa koleo. Tulibishana wiki nzima. Yeye alisema mimi ni mwoga, mimi nikasema yeye hajui tofauti ya mtungi na tangi la choo. Mwisho nikakubali, kwa sababu mvua haibishani na mtu. Mama hatukumwuliza. Alikuwa kigodani pale, anatusikiliza.

Sasa Kaka alikuwa ananitolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Ulikuwa mkavu?"

"Mwaka mzima rafuni, usiwe mkavu?"

"Nauliza uliupima?"

"Niliupima shavuni! Unadhani mimi nimeanza kazi jana?"

Kipimo cha shavu ni cha Mama. Mkono, anasema, ni mwongo, umeshika udongo kutwa hata hausikii tena. Shavu halidanganyi. Chukua chombo, kiweke shavuni, tulia. Kikiwa baridi, bado kina maji, kirudishe. Kikiwa kama hakipo, kiko tayari. Maisha yake yote alitembea na vumbi la udongo kwenye shavu la kulia, na kila akienda dukani kulikuwa na mtu mwema wa kumwambia, "Mama, umejipaka kitu hapo." Alikuwa akijibu kwamba ndiyo poda yake.

Kwa hiyo niliupima, ndiyo. Lakini baada ya kuupima niliufuta vumbi kwa kitambaa. Na pale mbele ya tanuri, macho ya Kaka yakiwa usoni kwangu, nilianza kujiuliza kama kile kitambaa kilikuwa kikavu. Kilikuwa kimelala kwenye ukingo wa ndoo, na sikukumbuka kilikuwa kimelalia upande gani.

Mama alitokea mlangoni na fimbo yake, kanga imemlegea begani.

"Kimelia wapi?" aliuliza. Maneno yake siku hizi hutoka polepole, yakiburuta mguu kama yeye.

"Rudi ukae, Mama. Si kitu."

"Nimeuliza kimelia wapi. Mbele, au nyuma?"

"Sijui, Mama."

"Mlio mkubwa? Au mdogo?"

Kaka alinitazama. Nikasema mdogo, mdogo tu, pengine ni bakuli. Mama alitikisa kichwa na kubaki amesimama, anatazama matofali niliyozibia mlango wa tanuri, na midomo yake inacheza.

"Tufungue," Kaka akasema. "Tuzime moto, tutoe matofali, tuangalie."

"Hatufungui."

"Kama umepasuka nusu, utaokoa nusu."

"Kama umepasuka, umepasuka, na maji yakimwagika hayazoleki. Kama haujapasuka, ukiingiza upepo wa baridi sasa hivi utaupasua wewe. Hapo utamwambia nini Mama?"

"Na wewe utamwambia nini? Wewe na kiburi chako!"

"Leta kuni," nikasema.

Alileta. Alizitupa chini kwa kishindo, lakini alileta. Tulichochea kutwa nzima bila kusemezana, yeye kanipa mgongo, mimi nimekodolea tundu la kuchungulia nisione kitu ila wekundu. Kila kuni ilipopasuka nilishtuka. Jioni moto ulipofika nilipoutaka, nikaziba tundu kwa udongo, nikamwambia aende nyumbani kwake. Aliondoka bila kuaga.

Niseme ukweli: katika nyumba yetu mwenye haraka ni mimi. Mama ndiye aliyeniita Pilipili, na jina hilo halikuja bure. Kungoja tanuri lipoe kwangu ni adhabu siku za kawaida, sembuse siku hiyo. Kulipokucha niliosha ndoo zilizokuwa safi. Nikapanga rafu, nikazipangua. Nikaenda kwenye gunia la udongo, ambalo sikuwa nimelifungua tangu nimalize mabakuli ya mteja, nikande tu, nipate cha kupigapiga, nikakuta limefunguliwa na kufungwa upya kwa fundo la ajabu, legelege, la mtu asiyejua kufunga. Ndani kulikuwa na shimo la tonge lililomegwa.

Kaka alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Nikamvaa.

"Umefanya nini na udongo wangu?"

"Udongo? Mimi?"

"Gunia halijifungui lenyewe!"

"Pilipili, mimi nina shughuli gani na tope lako? Limepoa?"

"Bado."

Aliweka kiganja kwenye matofali akakiondoa haraka. Akaweka tena. Tukawa tunapishana pale, yeye akija kugusa, mimi nikija kugusa, kila mmoja akijifanya ana safari nyingine. Kuelekea mchana nilikwenda uani kumwaga maji. Niliporudi nilisikia tofali likikwaruza.

Kaka alikuwa ameshalitoa moja la juu, kalishika kwa gunia, hewa ya moto inampiga usoni. Sikumbuki niliivukaje karakana. Nilimkamata shati kwa nyuma likalia chaa.

"Rudisha!"

"Niachie!"

"Nimesema rudisha, utaua kila kitu!"

"Ni mama yangu pia!" alipiga kelele. Sauti ilimkatika katikati, mtu mzima na ndevu zake. "Unajifanya ni wako peke yako! Kama umepasuka nataka nijue sasa!"

"Acheni!"

Mama alikuwa ameipiga ndoo kwa fimbo. Tangu augue hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Tuliganda wote wawili, mimi na shati mkononi, yeye na tofali.

"Rudisha tofali," Mama akasema. "Sikuwazaa vichaa."

Kaka alirudisha. Mama akakivuta kigoda chake kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, akakataa kusaidiwa, akakaa mbele ya tanuri na kulipa mgongo, kama mlinzi wa benki. Jicho lake la kulia hutoka maji lenyewe tangu kiharusi, hatulihesabu tena. Lakini sasa na la kushoto lilikuwa linatoka.

Nilidhani najua anachokililia. Nilichuchumaa karibu naye, nikamwambia, "Mama, kama ni mimi niliyeuharibu, nisamehe." Aliuliza tena, kwa sauti ndogo, kama kweli mlio haukutokea upande wa nyuma.

Jua lilikuwa limeshapinda nilipoweza kuegemeza kiganja kwenye matofali bila kukitoa. Mama akasogea pembeni. Nikatoa tofali la kwanza, la pili, la tatu. Safu ya juu: mabakuli ya mteja, mekundu, mazima yote. Sikuyajali hata kidogo. Nikashuka safu moja. Shingo ya mtungi ikatokea, na kwenye bega lake kilikuwa kimelala kigae.

"Mungu wangu," Kaka akasema nyuma yangu.

Nilitoa matofali yaliyobaki nikayaangusha tu, sikutazama yanaangukia wapi. Tumbo la mtungi likaonekana. Nikaingiza mikono yote miwili, nikaushika, nikauvuta nje taratibu, nikauzungusha mbele ya dirisha. Nikaupiga kwa ukucha. Ukalia kama kengele. Hakuna ufa, hakuna pengo, na alama ya gumba pale shingoni imekaa sawasawa kama alivyoiacha.

Kaka alinikumbatia na mtungi wangu, nusura atuvunje wote. Alikuwa anacheka na kulia, ananiomba radhi kwa kuniita mwenye kiburi, nami nikamwambia shati nitalishona. Nikamgeukia Mama, nikamnyooshea mtungi.

Hakuutazama. Alinipita. Aliegemeza fimbo ukutani, akainama, akaingiza mkono wa kushoto ndani ya tanuri, kule nyuma kabisa, nyuma ya pale mtungi ulipokuwa umesimama, akawa anapapasa. Akatoa kigae. Akatoa kingine. Akatoa kitu kinene, kimepinda, na ilinichukua muda kutambua kuwa ni mkono wa kikombe. Kwenye ncha yake palikuwa na alama ya gumba. Si gumba lile. La mkono wa kushoto, limekandamizwa kwa nguvu kupita kiasi.

"Kikombe," Mama akasema. "Changu."

Hapo ndipo fundo la gunia liliponifungukia kichwani. Fundo la mkono mmoja. Nikakumbuka pia tulivyopakia tanuri, nilipokwenda kuchukua matofali ya kuzibia, na Mama akasema niende tu, yeye atalinda.

"Nilikipima," alisema. Alikuwa anatutazama kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. "Sikukiingiza hivi hivi. Nilikipima. Hakikuwa baridi."

Na ili tumwamini akakinyanyua kile kigae kwa mkono wa kushoto, akakivusha mbele ya pua, akakiweka kwenye shavu la kulia. Shavu la miaka yote, la ile poda. Shavu ambalo sasa nzi akitua, Mama hajui.

Kaka hakuelewa. Bado furaha ilikuwa imemjaa. "Lakini Mama, kikombe si kitu! Mtungi ni mzima! Chombo chako cha mwisho ni kizima!"

Mama alikiteremsha kigae.

"Nani kawaambia ni cha mwisho?"

Nilikuwa nimeushika mtungi kifuani na ghafla sikujua niuweke wapi. Niliona aibu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Mwaka mzima nilikuwa nikimwekea matanga mwanamke aliye hai, mbele ya wateja, yeye akisikiliza kigodani. Na siku zote huyu mtu hakuwahi hata kuvionea fahari vyombo vyake. Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema, na nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo: vizuri viliuzwa, sisi tulikula kwenye vyenye nyufa, na Mama kikombe chake kikivunjika alikuwa akisema tu, "Kesho nafinyanga kingine."

Mtungi niliuweka chini ya bati, pale panapovuja, ukinge maji. Mama aliuona, akasema hatimaye umepata kazi.

Kikombe cha pili alikifinyanga mchana kweupe, mimi nikimshikia tonge lisikimbie. Kilikuwa kibaya. Kimeinama upande, ukuta wake mnene kama unyayo, na aliniambia nikithubutu kukinyoosha ataninyoosha mimi. Kilikaa rafuni kikikauka. Siku moja nikamkuta amekishika, anakivusha mbele ya pua kukipeleka kule kule alikozoea.

Nilimshika kifundo cha mkono, nikaurudisha mkono wake, taratibu, mpaka kikombe kikatua kwenye shavu la kushoto.

Alifumba macho. Nilimwona akishtuka, kisha uso ukamfunguka, ule upande unaoweza kufunguka.

"Baridi," alisema. "Pilipili, ni baridi! Bado kabisa!"

Alilisema kama mtu aliyepewa habari njema. Nikakipokea, nikakirudisha rafuni, mahali pale pale palipokuwa pa mtungi, nikavuta kigoda nikakaa kando yake kungoja.