Mtahiniwa 4127

Ragnfrid Tveitane alikuwa amesahihisha insha za mtihani wa Kinorwei kwa miaka ishirini na miwili, lakini asubuhi hiyo ya Juni, katika ukumbi wa hoteli moja pale Bergen, alikuwa na woga utadhani ni yeye anayefanya mtihani.

Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha. Kila msahihishaji alisoma insha zake nyumbani peke yake, akazipa alama, moja hadi sita, moja ikiwa ni kufeli. Kilichobaki ni kukaa wawili wawili, kila mtu na orodha yake, na kusomeana. Alama zikifanana, mnaendelea. Zikipishana, mnabishana mpaka mkubaliane. Na hapo kwenye kubishana ndipo Ragnfrid alipokuwa na ugonjwa wake.

Mwaka jana alikaa na bwana mmoja mwenye sauti nene aliyetaka kumwangusha mtahiniwa fulani. Ragnfrid aliona kabisa kwamba yule mtoto anastahili mbili. Akasema hivyo mara moja, akabishiwa, akanywea. Mtoto akafeli. Hakumjua jina wala sura, ila insha yake ilimsumbua majira ya baridi yote, akiwa anakoroga supu, akiwa anakwangua theluji kwenye kioo cha gari. Aliapa kwamba safari hii hatanywea. Kuapa ni rahisi ukiwa peke yako na supu.

Mwenzake wa mwaka huu aliitwa Eskil, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mwenye jedwali la vigezo alilolipaka rangi nne. Alikuwa mchangamfu, hata Ragnfrid akaanza kutulia.

"4126?" akauliza Eskil.

"Tatu."

"Na mimi tatu. Tukienda hivi, saa tano tuko kwenye chakula. 4127?"

"Tano."

Eskil akacheka. "Acha utani, Ragnfrid."

"Sitanii. Wewe umempa ngapi?"

"Moja."

Ukumbi ulikuwa na meza arobaini zilizojaa watu wakinong'ona, lakini Ragnfrid hakusikia kitu. Kati ya tano na moja huwezi kusema tumepishana kidogo. Mmoja wao alikuwa hajui kazi, na Ragnfrid alihisi kila mtu angejua ni nani.

"Hakujibu swali," Eskil akasema, akigonga jedwali lake kwa kalamu. "Hoja hakuna hata moja. Hapa hatuna la kujadili, kwa kweli."

"Labda tungempa mbili," akasema Ragnfrid, na papo hapo akajichukia. Tano yake ilikuwa imeshuka hadi mbili kabla hata kahawa haijapoa.

"Mbili ya nini sasa? Ya huruma?"

Hapo hasira zikampanda, na afadhali zilimpanda. "Nyamaza kidogo nikusomee," akasema. Akasoma kwa sauti ya chini habari ya mtoto aliyejifunza kutengeneza uzio wa kondoo kwa ami yake. Alipofika katikati alipunguza mwendo: "Ami hakuwahi kuniambia nimekosea. Alikuwa akinirudishia nyundo tu, anatazama bahari."

Eskil alisikiliza mpaka mwisho. "Ni nzuri," akakiri. "Nani kasema si nzuri? Lakini swali la pili liliuliza kama simu zipigwe marufuku shuleni. Huyu anatuambia habari za kondoo!"

"Swali la pili? Huyu kajibu la tatu. Simulia kuhusu jambo ulilofundishwa nje ya shule."

"Tazama juu ya karatasi, mama."

Ragnfrid akatazama. Juu kabisa, kwa herufi ndogo za mashine: Swali la 2. Damu ikamkimbia usoni. Alikuwa ameisoma insha hiyo mara tatu na hakuiona ile namba hata siku moja.

"Kumbe hukuangalia!" Eskil akasema, bila ubaya, na hilo likauma zaidi.

"Sikuangalia," akasema. Angeweza kuishia hapo. Kila kitu mwilini mwake kilitaka kuishia hapo, achukue ile moja, wahamie 4128, aibu ipite. "Sikuangalia, ni kosa langu. Lakini alama yangu siishushi. Tumwite Sigvor."

Sigvor ndiye aliyekuwa msimamizi wa ukumbi, mwanamke mrefu mwenye miwani miwili, mmoja puani, mmoja kichwani. Alisimama nyuma yao akasoma, huku Ragnfrid akikunjakunja karatasi ya nta iliyofungia mkate wake wa jibini la kahawia.

"Hiyo namba nani kaiandika?" akauliza Sigvor hatimaye.

"Mtahiniwa huchagua kwenye kompyuta," akasema Eskil. "Anabonyeza kisanduku."

"Basi kabonyeza kisanduku cha jirani. Na mimi jana nimebonyeza vibaya kwenye simu, nikanunua tiketi ya treni ya kwenda Voss, ilhali naishi Stavanger." Akabadilisha miwani. "Hatumpimi kwa kubonyeza, jamani. Tunampima kwa alichoandika. Isome kama swali la tatu, Eskil, halafu uniambie."

Akaenda zake meza nyingine. Eskil akaivuta insha, akaisoma upya tangu mwanzo, bila jedwali. Alipomaliza, masikio yalikuwa mekundu.

"Tano," akasema. Kisha akaongeza: "Ningemwangusha, Ragnfrid. Na ungekubali, ningekwenda kula nikiwa na furaha zangu."

"Nilikaribia kukubali."

"Niliona. Nilishahesabu nimeshinda."

Ragnfrid akashusha pumzi ndefu mpaka mwanamke wa meza ya pili akageuka. Akasikia njaa ya ghafla, ya kitoto, akaumega mkate pale pale juu ya orodha. Kisha akaandika 5 katika safu ya mwisho, Eskil akatia sahihi, naye akatia yake.

Huko nje, hawakujua wapi, kuna mtoto aliyekuwa labda bado amelala, au anakunywa maziwa amesimama mbele ya friji. Alikuwa amefeli kwa dakika ishirini, na hatajua kamwe.