Ndila wa Denmark

Ndila alirudi Kilungu Desemba ya 1994, na baba yake akachinja mbuzi wawili. Huyo ndiye Mutie, mzee wa kanisa, aliyewahi kuzitia njumu za bintiye motoni akisema msichana wa kukimbizana na mpira kwa kaptura ataiaibisha nyumba. Lakini binti alipochukuliwa na timu ya Denmark, akafunga mabao kumi na tisa msimu wa kwanza, mzee aligeuka. Picha ya binti ilipotoka gazetini aliikata, akawa anatembea nayo ndani ya Biblia, akiitoa hata sokoni.

Ndiyo maana Ndila alishindwa kusema. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Liliumia Mei, daktari wa timu akamdunga sindano ya ganzi ili acheze, mara ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Kano zilipokatika kabisa mwezi Agosti walimpasua, wakampa magongo, na mkataba ukaishia hapo. Nyumbani alisema amekuja likizo.

Jumapili ya tatu Mutie alisimama kanisani, akaomba binti yake aombewe, kwani anarudi kazini mwezi ujao. Watu wakasema amina. Ndila aliinamisha kichwa.

Siku mbili baadaye alikuwa akipanda kutoka mtoni na mtungi wa maji mgongoni. Goti likateguka, akaanguka kifudifudi. Baba yake, aliyekuwa akipogoa michungwa karibu, alimkuta hawezi kuinuka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Agosti, Baba. Sitacheza tena."

Mzee alikaa chini kando yake. "Nimeshawaambia watu."

"Tutawaambia upya."

"Wewe labda. Walinicheka nilipokukataza, wakanicheka nilipokuruhusu. Mara ya tatu siwezi."

Mwisho wa Januari mzee alimsindikiza na sanduku lake hadi mji wa Sultan Hamud, majirani wakimpungia, kana kwamba anakwenda kupanda ndege. Kumbe Ndila alikwenda Mwingi, kwa shangazi yake Muthoki, kuuza vitambaa dukani akiwa ameunyoosha mguu juu ya kreti. Baba aliyezichoma njumu zake, Ndila alikuwa amemwelewa. Huyu aliyemficha hakumwelewa.

Mama yake, Kalunde, alikuja kumwona kwa siri mara mbili kwa mwaka.

"Bado wanakuombea," alimwambia safari moja.

Ndila aliendelea kupima kitambaa. "Na bado wanasema amina?"

"Wanasema, mwanangu."

Miaka minne ikapita hivyo. Asubuhi moja redio ya dukani ikasoma matangazo ya vifo: Mzee Mutie wa Kilungu, mume wa Kalunde, baba yake Muli na Ndila wa Denmark.

Muthoki aliizima, akafuta machozi kwa leso. "Nitakwenda kumzika ndugu yangu. Wewe baki. Tutasema ulikosa ndege."

Ndila hakubaki. Siku ya mazishi aliteremka shambani akichechemea mbele ya kanisa zima, akachota udongo, akautupa juu ya jeneza. Ndululu, jirani yao, alimshika mkono.

"Pole sana. Umetua lini?"

"Sikutua popote. Nimekuwa Mwingi miaka minne, nauza vitambaa."

Ndululu aliuachilia mkono ule polepole. Ng'ambo ya kaburi Kalunde alikuwa amesikia kila neno. Hakuinua macho. Wanaume wakashika sepetu, wakaanza kufukia.