Jina la Sista Bicham

Tangu Khawla apate akili, hakuwahi kumsikia mama yake, Bi Jumana, akimaliza dua bila ya kumtaja Sista Bicham, muuguzi wa Kiingereza. Bi Jumana alifika Maskati kutoka Tabora akiwa na mimba ya Khawla na Kiarabu cha kuombea maji tu. Siku ya kujifungua damu ilimtoka hata watu wakamkatia tamaa. Sista Bicham akamtolea damu yake mwenyewe, kisha akakaa kitako kando ya kitanda, akamshika mkono mpaka mtoto akalia.

"Mie nnataka nimwambie ahsante kabla sijafa," Bi Jumana husema. "Basi."

Khawla alimtafuta miaka mingi mtandaoni. Aliandika jina kama alivyolisikia, Bicham, akageuza herufi hivi na vile. Muuguzi hakuna.

Kazi ya Khawla ilikuwa kuongoza watalii Bandari ya Sultan Qaboos. Asubuhi moja meli ilishusha abiria, naye akasimama mlangoni mwa basi akiwaita kwa orodha.

"Mista Boshampu!"

Akaita tena. Mzee mmoja wa kofia pana, hatua mbili tu kutoka kwake, alikuwa akitazama milima.

Millicent, Mkenya aliyefanya naye kazi, akachungulia karatasi. Palikuwa pameandikwa *Beauchamp*.

"Hiyo jina haisomwi hivyo," akasema. "Nikiwa mapokezi ya hoteli Nairobi, mwenye jina kama hiyo alinigombeza mbele ya watu. Waingereza husema Bicham."

Khawla akamshika mkono. "Sema tena."

"Bicham!"

Mzee wa kofia akageuka, akainua mkono.

Jioni Khawla alifika kwao Al Amerat, wala hakushuka garini. Palepale akakiandikia chama cha wauguzi wastaafu Uingereza, safari hii jina kwa herufi zake zenyewe. Siku ya kumi na moja jibu likaja: yu hai, ana miaka sabini na tisa, na namba yake hii hapa.

Ijumaa, baada ya sala, wakampigia simu ya video. Akatokea bibi mwenye mvi. Khawla alimsimulia kisa cha mama yake, na Bi Jumana kashika ncha ya mtandio wake. Bibi yule akasikiliza, kisha akasema kwa haya kwamba hakumbuki; wazazi aliowazalisha walikuwa wengi mno.

Khawla alisita, lakini akatafsiri.

"Mwambie si neno," Bi Jumana akasema. "Mie nnakumbuka. Nnamuombea kila siku, yeye na wazee wake waliomzaa. Mwambie ahsante, mwanangu. Mwambie sana."

Sista Bicham akavua miwani, akafuta macho. Akauliza yule mtoto yuko wapi siku hizi.

"Ndiye mimi," Khawla akasema.

Jumapili Khawla alikwenda kazini na mkate wa kumimina ungali moto, Bi Jumana kaufunga kwa kitambaa safi.

"Yote hii ni yangu? Ya nini?" Millicent akauliza.

Khawla alianza kueleza, akaacha, akamkumbatia mbele ya mabasi na watalii wote.