Maji ya Uvuguvugu

"Kitendawili!"

Mwanangu hakuitika. Nikaendelea tu: "Nimezaliwa katika nyumba yenye giza, na taa sikuizima mimi. Nani ataniwashia?"

"Mama, si sasa."

Alikuwa amelala chali wodini, kidonda cha upasuaji bado kibichi. Mtoto wake, aliyezaliwa kabla ya wakati, alikuwa chumba cha pili ndani ya sanduku la kioo, mdogo hata tukamwita Kidole. Daktari alikuwa ametoka kutuambia tujiandae. Mimi nilitaka abatizwe kabla hajatutoka, na padri gari lake lilikuwa limekwama matopeni.

"Ana dhambi gani, Mama? Hata kulia hajajua."

"Hana hata moja aliyoitenda. Lakini giza hilo tumelirithi wote tangu wazazi wa kwanza. Ubatizo ndiyo taa."

"Nesi kasema baridi ndiyo inayowaua hawa. Mkimlowesha akafa, utanitegea kitendawili gani?"



"Usipokubali, hatamwagiwa hata tone," nikasema.

Akageukia ukutani. Chumba cha pili mashine ikaanza kupiga kelele.

"Mwambie nesi ayapashe maji moto," akasema, bila kunitazama.

Nikakimbia na goti langu bovu. Mle haingii mtu ila wahudumu, nikamwita nesi mlangoni, nikamwomba ambatize kwa maji ya uvuguvugu.

"Bibi, mimi hata si wa dini yenu!"

"Hata wewe unafaa, mjukuu wangu, mradi unakusudia kile Kanisa linachokusudia. Mmwagie kichwani huku unasema." Nikamfundisha maneno.

"Nikikosea?"

"Utarudia. Nenda!"

Akavuta maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, sindano yenyewe kaitoa. Mimi nje, pua imebanwa kwenye kioo. Akadondosha matone kwenye paji la uso, kimya. Akayafuta kwa pamba. Ndipo midomo yake ikaanza kucheza.

Nikagonga kioo kwa ngumi. "Pamoja! Maji na maneno pamoja!"

Akanitazama, akaitazama mashine. Kifua cha Kidole kilikuwa kimetulia mno. Mkono mmoja ukaanza kumsugua nyayo, wa pili ukainua tena bomba. Nikayasoma midomoni mwake, neno kwa neno: Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Tone la mwisho likateleza hadi sikioni.

Kidole akakunja uso kama mzee aliyeamshwa usingizini. Kifua kikapanda.

Nesi akanipungia mkono niondoke, ana kazi.

Nilimkuta mwanangu vilevile, uso ukutani.

"Amebatizwa," nikasema. "Akakunja uso, wewe mtupu."

"Anapumua?"

"Kwa shida. Lakini anapumua."

 Kisha mkono wake ukapapasa shuka mpaka ukaukuta wangu, ukaubana.

"Haya, Mama," akasema. "Tega."