Kapsuli Kabla ya Usipa

Asubuhi aliyofariki shangazi Notburga, usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, walibaki juu ya chanja ya kuanikia hadi jua likawa kali, na hakuna aliyewageuza. Benadetha aliwaona alipotoka kuwapokea waombolezaji wa kwanza kutoka kijiji cha Ngumbo. Akakumbuka kwamba samaki haohao waliwahi kumchelewesha kupona.

Wakati ule alikuwa kidato cha pili, uso umejaa chunusi zenye usaha. Bwenini walimwita Ukoko. Likizo ndefu ilipofika akaapa harudi shule. Shangazi, aliyemlea, hakumgombeza. Alimpeleka zahanati ya misheni, na Sista Hildegardi akawapa kapsuli za rangi mbili, moja tu kila asubuhi, kwa miezi.

"Moja?" shangazi akauliza. "Sista, hata kuku wangu akikohoa nampa zaidi."

Sista alicheka. Akasema dozi ndogo inatosha mradi isikatizwe, na imezwe kwa maji kabla ya kula. Hilo la mwisho shangazi alilisikia, ila halikumwingia. Dawa kali kwenye tumbo tupu, kwake, ilikuwa kumchoma mtoto. Kwa hiyo kila kulipokucha alimshibisha kwanza ugali wa muhogo na usipa, na vichwa na mifupa yao, ndipo akampa kapsuli.

Wiki zikapita, chunusi ziko palepale. Wakarudi zahanati. Sista akauliza mtoto anakula nini, akaambiwa, akatikisa kichwa. Mifupa ya usipa, alieleza, huikamata dawa hiyo tumboni, nyingi isiingie mwilini.

Kesho yake alfajiri shangazi alikuja na kikombe cha maji, akaketi kando ya kitanda, akasubiri binti ameze.

"Nenda ukale, shangazi," Benadetha alimwambia.

"Tutakula pamoja. Tumbo likikuuma, na langu liume."

Hakula kabla yake hata siku moja. Shule zilipokaribia kufunguliwa uso ulikuwa na makovu bado, lakini chunusi mpya hazikutoka tena. Benadetha akafunga sanduku lake mwenyewe, kapsuli zilizobaki zikiwa juu ya sare.

Siku hizi anafundisha shule ya msingi palepale kijijini. Usipa wa chanja ile huwageuza yeye, asubuhi, kabla ya kwenda kazini.