Muninn, Ukurasa wa 438

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi ya kwanza ya Machi, kengele ililia katika ukumbi wa shule moja jijini Columbus. Washiriki wawili wa shindano la hadithi za kale walikuwa wamefungana, na nafasi ya kwenda fainali Buffalo ilikuwa moja. Wa kwanza alikuwa amekosa swali lake la mwisho. Wa pili, Grâce, mwenye miaka kumi na saba, kutoka Louisville, alisubiri lake.

Mwamuzi alisoma. Odin, mungu wa Wanorse, watu wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, ana kunguru wawili, Huginn na Muninn. Jina la Muninn lina maana gani, na limetoka wapi?

Katika safu ya tatu Birindwa, baba yake Grâce, alimwinamia Dative, shangazi yake Grâce, mkazi wa Whitehall pembeni mwa Columbus, akasema kwa Kiswahili chao cha kuchanganya na Kifaransa.

"Donc, tumeendesha saa tatu juu ya kunguru?"

"Hata Eliya alilishwa na kunguru, Papa Grâce."

"Wapi?"

"Wafalme wa Kwanza, kumi na saba."

"Mstari?"

"Wa sita. Bon, nyamaza."

Grâce alijibu kwamba wengi hulitafsiri "kumbukumbu", ila yeye anawafuata wanaolitoa katika neno la Kinorse cha kale *munr*, yaani akili au hamu.

Kadi ya mwamuzi ilikuwa na neno moja: kumbukumbu. Akaandika sifuri.

"Kamusi iliyo mezani kwenu," alisema Grâce kwa sauti ile ile. "Ukurasa wa 438, safu ya kushoto, neno la nne."

Birindwa hupakia mizigo ghalani siku sita. Jumapili hufundisha watoto kanisani. Kwake, mtoto asiyetaja kitabu, sura na mstari hajakariri, hurudi kukaa. Grâce alirudishwa mara mbili, akiwa na miaka minane. Mara ya tatu hakurudishwa.

Mwamuzi alifungua kamusi, akasoma, akawasogezea wenzake wawili.

"Safu ya kushoto," alisema Birindwa polepole, akisimama. "Umesikia? Hata safu hakuiacha."

"Nimesikia. Sasa ikaa, watu wa nyuma hawaoni."

Hakukaa.

Saa nne na dakika ishirini na sita sifuri ilifutwa, na jina la Grâce likaandikwa ubaoni, chini ya neno Buffalo.