Keekee Iliyonyooka

Daktari wa meno aliigusa skrubu kwenye taya la juu la shangazi yake, ikacheza. Skrubu ya kubebea jino la bandia, baada ya wiki sita, haitakiwi kutikisika hata kidogo.

"Umetafunia upande huu, shangazi?"

Swali lilimponyoka tu, naye akalijutia hapo hapo. Kisa chenyewe alikijua yeye na muuguzi wake. Mfupa wa shangazi ulikuwa laini kama mkate, na mfupa wa aina hiyo hutobolewa kwa keekee iliyochongoka, nyembamba kuliko skrubu, ili skrubu ijibane yenyewe ndani. Siku ile ya kuifunga skrubu, keekee hiyo ilikuwa bado kwenye mashine ya mvuke, imebakiza dakika ishirini kutakata. Wagonjwa walijaa nje. Bwana mkubwa, daktari wetu, akachukua ile iliyonyooka, ya mifupa migumu, na skrubu ikazama bila ubishi, ikizunguka kama kijiko kwenye uji. Muuguzi alimkodolea macho. Yeye akashona ufizi, akaita mgonjwa mwingine. Na huyu ndiye anayewahubiria wanafunzi kwamba haraka haraka haina baraka!

"Labda ni zile karanga," shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Punje mbili tu, mwanangu, nilijisahau. Tangu siku hiyo nanywa uji, hata mswaki naupitisha kwa woga. Nisamehe, nimekuharibia kazi."

Daktari aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Mama huyu alimlea tangu ana miaka minne, na sasa anamwomba radhi. Muuguzi alijitia kupanga pamba ambazo zilikwisha pangwa. Kunyamaza kungekuwa rahisi, karanga zingebeba lawama yote.

Aliing'oa skrubu kwa vidole, ikatoka bila taabu.

"Si karanga, shangazi. Ni mimi. Nilitumia keekee isiyofaa kwa sababu sikutaka kungoja dakika ishirini. Nilijua siku ile ile."

Shangazi alijifuta mdomo polepole.

"Ulijua, halafu leo ukaniuliza nimetafunia wapi?"

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi aliteremka kitini, akakataa mkono wa daktari, akashika wa muuguzi.

"Mfupa ukipona nitarudi," alisema akiwa mlangoni. "Asante, daktari."

Tangu daktari ahitimu, miaka kumi na moja, shangazi hakuwahi kumwita hivyo.